Daftari kwanza, trekta baadaye: namna ya kuipata ruzuku ya shamba na ng'ombe hapa Pemba

Mwaka juzi jirani yangu alinijia alfajiri, hata moto sijawasha, kuniuliza kwa nini mimi nimepata mbolea na yeye hakupata. Bonde letu moja. Majaruba yake yanapakana na yangu, na trekta lililolima kwangu ndilo lililolima kwake. Nikamuuliza, "Dada, risiti yako iko wapi?" Akasema pesa alimpa kijana mmoja pale pale bondeni, na kijana akamwambia ataandika.

Nilimpikia chai. Sikuwa na jengine la kumfanyia, maana mbolea ilikuwa imeshagawiwa.

Mimi ni katibu wa ushirika wetu wa wakulima na wafugaji, Wilaya ya Wete, mwaka wa tisa huu. Nina ng'ombe wa kienyeji watatu, chotara mmoja wa maziwa, na eka kasorobo ya mpunga niliyorithi kwa upande wa baba. Si mwanasheria wala si mtu wa wizara. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kuyakosea mwenyewe, na kwa kukaa kwenye mabenchi ya afisi mpaka nikajua ni mguu gani wa benchi umelegea.

Ujue kwanza unadai nini

Neno ruzuku limetuchanganya sana. Watu wanalisikia redioni wanadhani ni pesa, wanamwendea sheha, kiongozi wa Serikali pale mtaani, na mfuko. Kwetu Zanzibar ruzuku ya kilimo mara nyingi haiji mkononi. Inakuja ikiwa ni trekta linalolima bonde kwa bei iliyo chini ya gharama yake, au mbegu, mbolea na dawa ya magugu ya mpunga ambayo sehemu ya bei yake imebebwa na Serikali. Inakuja ikiwa ni miche ya mikarafuu unayopewa ukapande, au sindano aliyokuja nayo bwana mifugo. Ndiyo maana utamsikia mtu akila yamini kwamba hajapata kitu cha Serikali tangu azaliwe, na huku amekaa kivulini anaangalia trekta likimlimia.

Nyengine hata huioni. Unguja walikuwa na mbung'o, wale nzi wanaonyonya damu, waliokuwa wakiua ng'ombe kwa ugonjwa wa ndorobo. Serikali na wataalamu wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki wakarusha kwa ndege mamilioni ya madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa ili wasizaliane, na kufika 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Sisi Pemba mbung'o hatukuwa nao. Lakini mfugaji wa Unguja anayefuga ng'ombe wa maziwa leo anakula ruzuku ya mwaka ule, na hakutia saini popote.

Kwa hiyo ukienda afisini usiseme "nimekuja kuchukua ruzuku yangu." Watakutazama tu. Sema kitu chenyewe: nataka kuandikisha robo eka kwa ajili ya kulimiwa, nataka mbegu, ng'ombe wangu wanne hawajachanjwa. Ukitaja kitu, yule aliyekaa mezani anajua akupeleke chumba gani.

Na usichanganye ya Bara na ya kwetu. Kilimo na mifugo si mambo ya Muungano. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane ya 2022, na ile kampeni ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa Bariadi, Simiyu, mwezi wa sita 2025, ambayo mfugaji anachangia shilingi 500 kwa ng'ombe na Serikali inabeba nusu ya pili, hizo ni za wenzetu wa Bara. Mjomba wangu aliisikia kwenye taarifa ya habari, akashika sarafu ya mia tano akenda kudai sindano yake. Alirudi amenuna, na ile mia tano kanunulia urojo. Kwetu utaratibu unatoka Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo ya Zanzibar, na kwa sisi wa Pemba mlango wake mkubwa uko Weni, hapa hapa Wete. Bei na utaratibu hubadilika msimu kwa msimu, basi uliza upya kila mwaka hata kama mwaka jana ulipata.

Uende kabla hujahitaji

Mvua za masika zinaanza mwezi wa tatu. Watu wengi hukumbuka trekta siku wanapoona mawingu. Wakati huo trekta limeshapangiwa mabonde, dereva ana karatasi yake, na wewe si kwenye karatasi. Mimi naanza mwezi wa kumi na mbili. Nakwenda kwa kamati ya bonde, nauliza orodha ya msimu inaandikwa lini na nani, kisha naipeleka sura yangu pale mara mbili kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Mara ya kwanza kujiandikisha, mara ya pili kuhakikisha nimeandikwa. Ile ya pili ndiyo kazi.

Kabla hujaenda pima shamba lako. Usiseme "lile la kule kwenye mkoko hadi kwenye mfereji." Wengi wetu mabonde tumerithi, na wengine wako kwenye eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, ambazo karatasi yake, kama ipo, ina jina la babu aliyekwishafariki. Ikiwa shamba liko kwa jina la marehemu, kaeni familia mkubaliane nani anaandikwa msimu huu, na mumwambie sheha mbele ya watu wawili. Nimeona ndugu wawili wameandikisha kipande kimoja, kila mmoja kwa jina lake. Afisa alipofika bondeni akakuta shamba moja kwenye mistari miwili, akaifuta yote miwili. Mama yao alilia pale tutani, na mbegu zilikuwa kwenye gari, zinaonekana.

Jina

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi kina majina matatu: langu, la baba, la babu. Skuli nilijulikana kwa jina la nyumbani, na kijijini hakuna anayeniita kwa jina la kitambulisho ila polisi. Msimu mmoja kijana aliyekuwa akiandika orodha akaniuliza, "Bi mkubwa, jina?" Nikamtajia la nyumbani na la babu, kwa haraka, kwa sababu ndama alikuwa amekata kamba. Siku ya kugawa mbegu nikasimama foleni tangu saa moja asubuhi. Nilipofika mezani, kitambulisho changu na jina la kwenye karatasi vilikuwa watu wawili. Afisa hakunitukana wala hakunipandishia sauti, alinionesha tu kalamu yake na ile karatasi, akasema, "Nikikupa wewe, akija huyu nitampa nini?" Alikuwa na haki. Mbegu zangu zikarudi stoo. Nikapanda za akiba za nyumbani, mchanganyiko, nusu zilishaanza kuliwa na fukusi, na mavuno yakawa ya kuwagawia kuku.

Tangu siku hiyo sitaji jina kwa mdomo. Natoa kitambulisho, namwambia mwandishi, "Nakili, mwanangu, herufi kwa herufi," kisha nasoma alichoandika kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza. Nimejifunza kusoma kichwa chini kuliko nilivyojifunza Kiingereza. Hakikisha na namba ya kitambulisho imeandikwa yote, na namba ya simu ni ya simu iliyo mfukoni mwako, si ya mtoto aliyehamia Mombasa. Ikiwa ushirika wenu una akaunti benki, majina ya watia saini yafanane na vitambulisho pia. Ikiwa kitambulisho kina kosa, kalirekebishe kwenye afisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wakati wa kiangazi, usingoje wiki ya mbegu.

Pesa unayolipa

Mkulima naye anachangia. Kila unapoambiwa ulipe, uliza namba ya malipo ya Serikali, lipa kwa namba hiyo, chukua risiti. Anayekwambia "nipe mimi nitakulipia, kule kuna foleni" huenda ni mtu mwema kweli, lakini wema hauna mhuri. Hilo la jirani yangu nimeshalisema.

Risiti za karatasi zile nyepesi hufutika. Ukiiacha kwenye dashibodi ya daladala au ndani ya kitenge kilicholowa jasho, baada ya miezi miwili unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyo hiyo, kisha nakili namba yake kwenye daftari kwa kalamu ya wino. Mimi zangu ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, mbali na panya.

Daftari la ng'ombe

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walikuwa wakisema duka. Mimi naisema ng'ombe. Sisi hatuna ranchi. Ng'ombe tunamfunga kamba asubuhi penye majani, tunamhamisha adhuhuri, tunamrudisha magharibi, na kila mtu anajua yule ni ng'ombe wa nani. Kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayeandika. Siku anapokuja mtu wa mradi au wa chanjo kutoka mbali, yeye hajui, na anachokijua yeye ndicho kinachoingia kwenye ripoti.

Chukua daftari la skuli la kurasa themanini. Kila ng'ombe mpe ukurasa wake. Wangu mmoja umeandikwa hivi:

"Mtamba mweusi, doa jeupe pajini, sikio la kulia limechanika. Mama yake yule mwekundu aliyeuzwa. Kazaliwa 18/6/2024. Chanjo: tarehe, ya ugonjwa gani, jina na saini ya aliyechoma. Kuogeshwa kupe: kila Jumamosi kwa bomba, dawa gani. Kupandishwa: bado."

Hiyo tarehe ilinipa kazi. Mama alisema kazaliwa siku ya pili ya Idi Kubwa, Mfunguo Tatu, na kwake hiyo ni tarehe kamili kabisa. Afisini wanataka tarakimu. Nilikaa na kalenda ya msikitini mpaka nikaipata. Fanyeni hivyo na wazee wenu wangali hai, kwa sababu umri wa ng'ombe ndio unaompa bei, na bei ndiyo itakayoulizwa siku ya hasara.

Kila bwana mifugo akija kuchoma sindano mpe daftari atie saini hapo hapo, mikono bado ina dawa. Wengine watacheka. Mmoja aliniuliza kama ninamfungulia kesi. Sasa akifika kwangu analiuliza yeye mwenyewe liko wapi.

Na ng'ombe akifa? Najua tabia yetu: tukiona anaanza kutapatapa tunamkimbilia kwa kisu, na tukichelewa tunamfukia kabla ya magharibi ili watu wasiseme. Mimi nilimpoteza ndama namna hiyo kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe: homa siku tatu, tezi zimevimba chini ya sikio, asubuhi ya nne yuko chini. Nikamzika mchana. Baada ya wiki mbili wakaja watu wanaandika vifo vya mifugo katika shehia. Ndama wangu hakuandikwa. Hakuwa na picha wala saini wala shahidi ila mimi na jembe. Basi mpigie simu bwana mifugo kwanza. Mpige picha mnyama mzima, kisha kichwa, kisha ile alama yake iliyoandikwa kwenye daftari. Akitoka damu puani au nyuma, usimpasue na usimguse, wala usikubali mtu achukue hata ngozi. Huenda ni kimeta, na kimeta kinaua watu. Subiri mtaalamu akwambie pa kumfukia.

Nisikudanganye: kuandikwa si kulipwa. Sijaona mpango wa kudumu hapa kwetu unaomlipa mfugaji kila ng'ombe anapokufa. Lakini mradi ukija, au msaada ukija baada ya ugonjwa, wanaanza na walioandikwa.

Kwa wenye ng'ombe elfu

Mpwa wangu aliniuliza kama haya mambo ya karatasi ni umaskini wetu tu. Nikamwambia hapana. Marekani, ambako mfugaji mmoja anaweza kuwa na ng'ombe wengi kuliko shehia yetu nzima, na malipo yanaingia benki kwa dola, mambo yanakwenda kwa karatasi zaidi kuliko kwetu. Wilaya yao wanaiita kaunti. Wizara yao ya kilimo ina afisi huko mashambani, na wakulima wenyewe wanachagua kamati ya wenzao ya kukaa kwenye afisi hiyo. Kuna ramani ya ukame inayotolewa kila Alkhamisi, na kaunti ikiingia kwenye rangi za ukame mkali, mfugaji anaweza kuomba malipo kwa ajili ya malisho yaliyokauka. Ng'ombe akifa kwa theluji au radi, mpango mwengine unalipa asilimia 75 ya bei yake ya soko. Ila wanamuuliza: mwanzo wa mwaka ulikuwa na ng'ombe wangapi, na nani anathibitisha? Daftari hilo hilo, bwana. Tofauti lao liko kwenye kompyuta na langu lina doa la mafuta ya taa.

Kitu nilichokipenda zaidi kwao ni kwamba malipo hayafichwi. Shirika moja la kiraia, Environmental Working Group, limeyakusanya ya tangu 1995 na kuyaweka hadharani, kaunti kwa kaunti, na majina ya waliolipwa. Jirani anaweza kuona jirani yake kalipwa ngapi. Watu wananuna, wanabishana, lakini hakuna anayeulizana alfajiri.

Nikalichukua wazo hilo nikalipeleka kwa sheha wetu. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha nikamwomba orodha ya mbolea ya msimu ibandikwe kwenye mlango wa afisi yake kabla ya kugawa, si baada. Akawaza kidogo, akasema itazua fitina. Nikamwambia, "Baba, fitina ipo tayari, sasa hivi inatembea bila karatasi." Akabandika. Siku ya kwanza tukamkuta mtu mmoja kaandikwa mara mbili, kwa jina la nyumbani na la kitambulisho, bila ubaya wowote, na mama mmoja marehemu tangu mwaka uliopita. Sheha akachukua kalamu akasahihisha mbele yetu. Kama sheha wako anasita, nendeni watu watatu, wazee, si vijana wanne wenye simu juu.

Ukikosa

Usiende kugomba siku ya ugawaji. Siku hiyo afisa ana watu mia na gari linaondoka saa nane. Rudi siku ya tatu, asubuhi, na barua ya ukurasa mmoja. Mimi huandika hivi:

"Kwa Afisa Kilimo wa Wilaya ya ……. Kupitia kwa Sheha wa Shehia ya ……. Yah: Kukosa mbolea ya mpunga, msimu wa masika. Mimi ni mkulima wa bonde la ……, eka ……, kitambulisho namba ……. Nilijiandikisha tarehe …… na nililipa tarehe ……, risiti namba …… (nakala nimeambatanisha). Siku ya ugawaji jina langu halikuwemo. Naomba nijulishwe sababu, na kama bado ipo, nipatiwe. Wako mtiifu."

Usitie malalamiko ya miaka iliyopita. Usimtaje jirani aliyepata. Toa nakala mbili, na ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila mhuri huo umepeleka karatasi ya kufungia karanga. Muulize aliyepokea jina lake na urudi lini, uandike mbele yake. Akikwambia "njoo kesho, bibie," muulize kesho saa ngapi. Nimeshapata majibu mara mbili kwa njia hii: mara moja mbolea yenyewe, polo moja iliyobaki stoo, na mara moja barua ya kuniambia nimekosea bonde, niandikishe upya. Na ukiombwa kitu kidogo ili faili litembee, andika siku, saa na chumba, na ulipeleke jambo hilo ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa hapa Zanzibar, badala ya kulipeleka kisimani.

Jirani yangu msimu huu kaandikishwa. Nilikwenda naye. Alimpa mwandishi kitambulisho bila kusema neno, akainama kusoma kichwa chini, akakuta jina la baba yake limekosa herufi moja, akaiomba irekebishwe. Kijana akarekebisha. Kisha tukatoka nje, na yeye akaniuliza kama nina kopo jengine la maziwa ya unga la kumpa.